Kabla vijana hawajarudi kulala nyumba ya klabu, tufungue madirisha

Kyeshero, Goma, tarehe 24 mwezi wa nane 2020

Bwana Mhariri,

Mimi ni mama wa nyumba katika klabu moja ya mpira hapa Goma. Jina la klabu silitaji, kwa sababu sikuja gazetini kumshitaki mtu, na pia kwa sababu nyumba za namna yetu ni nyingi mjini: za klabu, za kwaya, za wanafunzi waliotoka vijijini. Kazi yangu ni kupika, kufua mashuka, kushika funguo na kujua kila usiku nani ameingia na nani bado yuko nje. Nimeifanya miaka 11. Vijana wananiita Mama, na kwa baadhi yao mimi ndiye mama waliye naye karibu, maana wa kwao yuko Masisi, Rutshuru au ng'ambo ya ziwa huko Bukavu.

Nyumba yetu ilifungwa tarehe 19 mwezi wa tatu, siku moja baada ya Rais Tshisekedi kutangaza kwamba, kwa sababu ya corona, shule, makanisa na michezo vinasimama, na kwamba watu zaidi ya 20 wasikusanyike. Vijana waliokuwa wanalala kwetu walikuwa 24. Nilisimama mlangoni nikawaona wanatoka na mifuko yao, mmoja mmoja, wengine wakipanda pikipiki, wawili wa Bukavu wakishuka bandarini kutafuta boti. Kipa wetu alirudi mara mbili kuuliza kama kweli lazima aende. Tangu siku ile nyumba ilibaki na watu wawili tu: mimi mchana, na usiku mzee wetu sentineli, mlinzi wa nyumba.

Sasa hali ya dharura imekwisha tangu mwezi uliopita, na tangu tarehe 15 mwezi huu makanisa na viwanja vimeruhusiwa kufunguliwa. Komite imekaa na kuamua: Jumamosi tarehe 5 mwezi wa tisa vijana wote 24 warudi nyumba ya klabu siku moja. Namshukuru Mungu. Nimewakosa watoto hawa, na najua wengine huko waliko hawali vizuri. Nilipouliza tumejiandaa vipi, nikaonyeshwa ndoo mbili mpya zenye robine, yaani bomba, za kuwekwa langoni, katoni ya sabuni, klorini, na termoflashi ya kupima joto kwenye paji la uso. Nikauliza tena: na vyumba? Nikajibiwa: vyumba si viko, Mama?

Bwana Mhariri, hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Naelewa ndoo zile zimetoka wapi. Zimetoka kwenye Ebola. Mwaka jana, tarehe 14 mwezi wa saba, mgonjwa wa kwanza alipoonekana hapa Goma, mchungaji aliyekuwa ametoka Butembo kwa basi, mji mzima ulijifunza kunawa. Hukuingia benki, sokoni wala kanisani bila kunawa na kupimwa joto. Mikono ilikauka kwa klorini mpaka ikapasuka, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu tulijua wenzetu wa Beni na Butembo wanazika. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka huu, baada ya karibu miaka miwili na vifo 2,287. Sitamsikiliza mtu atakayeniambia kunawa ni bure.

Lakini Ebola ilikuwa na tabia yake. Ilipita kwenye damu, matapishi, jasho la mgonjwa na mwili wa marehemu, na mtu hakuambukiza kabla hajaanza kuugua. Ndiyo maana kumpima joto langoni kulikuwa na maana kubwa. Corona haina tabia hiyo. Mtu anaweza kuitoa siku mbili kabla hajasikia lolote mwilini, na wengine hawasikii lolote mpaka inapita. Kijana wa miaka 19 atapita kwenye termoflashi na 36 yake, atanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ataingia, atalala. Na akishalala, ndoo iko langoni, yeye yuko chumbani na wenzake saba, na kinachotoka kwake usiku kucha ni pumzi.

Nilisikia redioni habari ya kwaya moja huko Marekani, katika jimbo la Washington. Mimi mwenyewe ni mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, kwa hiyo niliacha kuchambua majani ya sombe nikasikiliza. Tarehe 10 mwezi wa tatu watu 61 walikutana kwa mazoezi yaliyochukua muda wa saa mbili na nusu. Dawa ya kusafisha mikono ilikuwepo, na watu waliacha kukumbatiana. Waliougua baadaye ni 53, na wawili kati yao wakafa. Saa mbili na nusu tu, Bwana Mhariri. Vijana wangu wanalala pamoja muda wa saa nane. Na tarehe 9 mwezi wa saba OMS wenyewe, Shirika la Afya Duniani, wameandika kwamba katika vyumba vilivyofungwa, vyenye watu wengi na visivyopitisha hewa, kuambukizana kwa njia ya hewa hakuwezi kukanushwa.

Naona ajabu kwamba ni sisi watu wa Goma tunaohitaji kushawishiwa juu ya hewa. Sisi wenye mazuku! Nani hapa Kyeshero au Himbi hajui mazuku? Ni hewa ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni usiku wakati hakuna upepo. Huioni, huisikii harufu. Asubuhi na mapema unakuta mbuzi amelala chini hainuki tena, na kuna watu waliokufa hivyo. Marehemu mama yangu hakuturuhusu kushuka kwenye shimo la nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda na upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Hakusoma hata darasa moja, lakini alijua kwamba hewa iliyosimama inaua na hewa inayotembea inaponya. Pumzi ya mgonjwa wa corona si mazuku. Haikai chini, inaelea kama moshi wa sigara. Basi tufikirie moshi huo: mtu akivuta sigara kwenye kona ya chumba na wewe uliye kona nyingine ukasikia harufu, kilichotoka kifuani mwake kimekufikia.

Naomba nieleze chumba chenyewe, maana wanakomite wengi hawajaingia humo usiku. Usiku mmoja wa mwezi wa pili, kabla ya haya yote, niliamka saa tisa kumpelekea dawa kijana mmoja aliyekuwa na malaria katika chumba cha pili. Siku zile nilikuwa nalala hapohapo, kwa ajili yake. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria ya maharagwe. Huku nje baridi ya Goma, ndani ukuta wa saruji unatoa jasho. Niliupitisha kiganja, kikalowa. Chumba kina urefu wa mita tano na upana wa mita nne. Ndani yake vitanda vinne vya ghorofa, vijana wanane. Dirisha ni moja, na tangu 2018 limepigiliwa mbao kwa nje, kwa sababu mwaka ule wezi walipitia hapo wakabeba jozi sita za viatu vya mpira na simu zote. Ufa uliobaki juu ya mbao vijana walikuwa wameuziba kwa jezi kuukuu, kuzuia mbu. Nilipomgusa yule mgonjwa begani, wanane wote walikuwa wanapumua hewa ileile, na mimi nikawa wa tisa.

Hivyo kuwaambia vijana "fungueni madirisha" hakutoshi. Dirisha lao halifunguki, na sababu za kulifunga zilikuwa za kweli. Wezi ni wa kweli. Mbu ni wa kweli, na malaria imewalaza vijana wangu mara nyingi kuliko ugonjwa wowote. Baridi nayo ni ya kweli kwa mtu aliyetoka uwanjani amelowa. Ndiyo maana nasema mbao zing'olewe, na mahali pake fundi wa kuchomelea aweke nondo, na juu ya nondo wavu wa mbu, na kila kijana apewe blanketi la pili. Juu ya mlango wa kila chumba litobolewe tundu, ili hewa ikiingia dirishani ipate pa kutokea. Na asithubutu mtu kuingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani ili kupata joto, kwa maana makaa katika chumba yana sumu isiyo na harufu, na tutakuwa tumekimbia kifo kimoja tukalala na kingine.

Chumba cha tatu hakina dirisha kabisa. Kilijengwa kiwe stoo, vitanda vikaingia pale klabu ilipoongeza wachezaji. Humo asilale mtu. Kibaki na mipira, koni na mabegi.

Nimepiga hesabu yangu kwenye daftari la chakula. Chumba cha kwanza kina madirisha mawili: walale watano. Cha pili, kikishawekewa nondo, wanne. Wanafika tisa. Stoo ndogo iliyo karibu na mlango wa nje, ambako naweka unga, ina dirisha zuri. Nitahamisha unga, iwekwe kitanda kimoja, ikae tupu ikimngoja atakayeugua. Vijana wanaotoka mbali, ambao hawana pa kulala mjini, ni 11. Wawili kati yao wana ndugu, mmoja Ndosho, mwingine Katindo, na nimeshazungumza na familia zote mbili. Wale wengine 13 ni watoto wa hapahapa. Waje mazoezini, wale chakula cha mchana nje uani, jioni warudi kwao. Najua kocha anapenda kuwa nao wote chini ya paa moja, anasema timu inajengwa usiku. Namheshimu kocha. Lakini timu ya watu 24 waliolala pamoja akiugua mmoja, hakuna mechi itakayochezwa na yeyote.

Na wale tisa wasichanganyike ovyo. Chumba cha kwanza kiwe familia moja, cha pili familia nyingine: walale pamoja, wale pamoja, wapande gari pamoja, na asiwepo wa kuhama kitanda usiku kumfuata rafiki. Siku mmoja akikohoa, nitajua ni nani wa kuangaliwa kwa siku 14, wala sitalazimika kuwafungia wote.

Kuna jambo la sahani ambalo linaniuma kulisema. Kwetu bugali huwekwa kati, samaki wadogo wa sambaza pembeni, mikono inakutana. Nimewalea hivyo kwa makusudi. Kijana wa Masisi na kijana wa Rutshuru ambao baba zao wasingeweza kusalimiana, kwangu walimega tonge moja, na nimewaona wakiachiana kipande cha mwisho cha samaki. Sasa nitampa kila mmoja sahani yake ya bati na kikombe chake. Kile kikombe kimoja cha plastiki kilichokuwa kinaning'inia kwenye pipa la maji, wakinywa wote, nimeshakitoa. Kwa wale tisa sahani nimenunua 12, za akiba humo. Siku hatari hii itakapopita nitarudisha sinia katikati, na nitakuwa wa kwanza kunawa.

Lakini kuliko sahani na vitanda, kinachonitisha ni kijana kuficha homa. Nawajua. Mwaka juzi beki mmoja alicheza mechi nzima akiwa na malaria, amemeza parasetamoli tatu ili termometa isimseme, kwa sababu alisikia kuna mwingine anayetazamiwa kuchukua nafasi yake. Alianguka kwenye choo cha uwanjani. Nilimshika kichwa mimi. Kama mchezaji anajua kwamba kusema "Mama, naumwa" ni kupoteza nafasi na primu, yaani malipo ya mechi, hatasema, hata mkimwekea termoflashi kumi. Komite itoe neno mbele ya wote, na iliandike: mtu akiugua, nafasi yake inamngoja, na primu yake anapata. Neno hilo halina gharama kubwa, na litafanya kazi kuliko kifaa chochote pale langoni.

Mwanakomite mmoja, mtu mwema ambaye amewalipia vijana wengi karo, aliniambia: "Mama, hawa ni vijana, corona haiwawezi." Inawezekana kabisa. Lakini nyumba haina vijana peke yao. Mzee wetu sentineli amepita miaka 70. Analala kwenye korido, kwenye kiti cha miti, miguu juu ya bidoni, katikati ya milango ya vyumba vile vitatu. Pumzi za nyumba nzima zinapita kwake. Mimi nina miaka 61 na tansio, shinikizo la damu. Wale 13 watakaporudi kwao jioni, watalala na bibi zao. Kijana ataugua siku tatu kama mafua, arudi uwanjani, na hatajua kamwe amempelekea nani ugonjwa. Mzee nimeomba ajengewe kibanda cha mbao nje, karibu na geti, na koti zito. Alikuwa wa kwanza kukataa, anasema akiwa nje hatasikia vijana wakimwita. Tutampa filimbi, na wao watapewa nyingine.

Mtoto wa dada yangu alikuwa akibeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima wa volkano wa Nyiragongo, mpaka mbuga ya Virunga ilipofungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya corona. Ananiambia kule juu, kwenye mita 3,470, kuna vibanda 12, na kila kimoja ni cha watu wawili. Mtu mmoja wa Uswisi aliyembebea mzigo bado anamwandikia kwenye simu. Amemweleza kwamba huko kwao nyumba za klabu ya wapanda milima, ambazo zamani watu walilala wamebanana kwenye magodoro marefu, zimefunguliwa msimu huu kwa masharti: hakuna kwenda bila kuagiza nafasi kwanza, watu wamepunguzwa, na kila mmoja anakuja na mfuko wake wa kulalia na foronya yake. Uswisi ni nchi tajiri, lakini foronya si utajiri. Nimewaambia vijana kwa simu: kila mtu aje na shuka mbili, foronya na taulo, na nitazishona alama kwa uzi wa rangi yake. Mashine ya kunyolea nayo isizunguke.

Kazi nyingine nimeshaianza bila kungoja kikao. Nyumba iliyokaa miezi mitano imefungwa haiingiwi hivihivi. Tangi la maji ya mvua nimelimwaga lote. Chini lilikuwa na tope la majivu ya volkano na mjusi mfu. Tumelisugua na mzee kwa brashi na klorini, tukaliacha wazi siku mbili. Magodoro nimeyatoa nje na kuyalaza juu ya mawe meusi ya lava, ambayo kufikia saa sita mchana yanakuwa moto kiasi cha kushindwa kuyakalia. Godoro moja lina majina yaliyoandikwa kwa kalamu, saba, yamepangwa chini kwa chini, ya wote waliolilalia tangu niingie kazini. Wawili kati yao wanacheza nje ya nchi. Nimegeuza upande mwingine, sikulitupa.

Kikao cha komite ni Jumamosi hii, tarehe 29. Nimeomba nipewe dakika kumi na nimekubaliwa. Nitabeba daftari na futi ya kupimia, na nitawaomba viongozi waingie chumba cha pili, wanane, mlango ufungwe, wakae humo muda wa kikao. Naomba na viongozi wa nyumba nyingine kama yetu, wakisoma barua hii, waingie vyumbani mwao usiku, si mchana.

Fedha za nondo sijazipata. Wavu wa mbu nimenunua mita nne soko la Virunga kwa pesa yangu, na fundi wa kuchomelea amekubali kuja Jumanne kupima dirisha.

Mama wa nyumba ya klabu,
Kyeshero, Goma